Mnara wa Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Wenzake wanamwita Tumbili kwa jinsi anavyopanda, na mimi nikikasirika namwita hivyohivyo. Si mtu wa maneno. Mwenye domo lisilo na breki ni mimi, ndiyo maana habari hii naisimulia mimi. Yeye angeimaliza kwa kukohoa.

Fundi akishafunga mitambo juu ya mnara, hupiga simu ya kwanza akiwa hukohuko juu, ahakikishe mtandao unapita. Wengine hupigia ofisini. Yeye humpigia mama yake. Siku alipofunga mnara wa kilimani kwao, na kule ulikuwa huo tu, mama mkwe alikuwa amesimama chini yake, shingo inamuuma kwa kumtazama mwanawe.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu! Nakusikia mpaka unavyopumua!"

Basi ikawa ndiyo salamu yao. Kila jioni swali ni hilo na jibu ni hilo, hata nikawa nawapigia kelele kutoka jikoni: "Nyie wawili hamchoki?"

Mama mkwe aliishi peke yake. Tulimsihi ahamie kwetu, akakataa katakata. Alisema nyumba yetu imebana hata kikohozi hakina pa kwenda. Alikuwa na presha, na simu ile ndiyo iliyotupa usingizi. Asipopokea, tunampigia jirani yake, naye anakimbia kumwangalia.

Kisha wakubwa wawili wa dunia wakakosana. Mitambo ya minara yetu ilitengenezwa kwa mmoja wao. Mwenzake akasema ina masikio, inasikiliza siri za watu na kuzipeleka kwa huyo aliyeitengeneza, kwa hiyo nchi inayotaka urafiki naye iing'oe yote. Serikali yetu ikatia saini. Jamani, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siri gani za mama mkwe? Mbuzi wa nani kala kunde za nani? Huyo aliyepewa kazi ya kumsikiliza angeomba uhamisho. Kicheko kiliniisha mume wangu aliporudi na kusema timu yake ndiyo iliyopewa kilima cha kwao.

"Si ukatae?" nikamwambia.

"Nikikataa watampa mwingine, halafu mimi nikae hapa tutazamane."

"Na hiyo mitambo mipya iko wapi?"

"Bosi anasema iko njiani."

"Njia gani? Mwambie bosi wako alete mipya kwanza, ndipo ang'oe ya zamani!"

"Mkataba unasema ya zamani ishuke kwanza." Alikuwa anafunga kamba za viatu, wala hakuinua uso.

Yaliyotokea kule niliyatoa kinywani mwake kwa shida, neno mojamoja. Kabla ya kuzima, alimpigia mama yake. Mama alikuwa chini palepale, ameona mwanawe yuko juu, akajua yamekuja mazuri. Akaulizwa kama anasikia, akajibu jibu lake. Akaambiwa simu itapotea kidogo, wanabadilisha mitambo.

"Mnaweka nzuri zaidi?"

"Ndiyo, mama."

Akazima. Akaanza kuteremsha antena kwa kamba, moja baada ya nyingine, na mama yake anampungia mkono.

Mipya haikuja. Yule mkubwa wa kwanza, kwa kulipiza kisasi, alifunga mauzo ya madini fulani ambayo bila hayo mwenzake hawezi kutengeneza mitambo yake. Niliisikia redioni. Mtangazaji aliisoma kama matokeo ya mpira, huyu kafunga, yule kasawazisha. Kilima hakikutajwa. Nikaizima ile redio kwa hasira nusura nivunje kitufe.

Jioni mume wangu alikuwa anapiga, anaambiwa hapatikani, anapiga tena.

"Si umeizima mitambo mwenyewe?" nilimwambia siku moja. Hasira yangu haikuwa kwake, lakini ndiye aliyekuwa karibu. Akabonyeza namba tena. Alikuwa ameomba ruhusa akamwone mama, akaambiwa asubiri minara mingine iishe.

Habari tuliletewa na dereva wa lori. Mama mkwe alianguka uani. Jirani alimkuta bado anapumua, akashika simu akakimbia nayo mpaka kileleni, kutafuta mtandao ambao haukuwepo. Ndipo akateremka upande wa pili mpaka barabarani, akaomba gari. Aliporudi nalo, mama alikuwa ameshakata roho. Sisi tulifika mazishi yamekwisha. Mume wangu alisimama kaburini, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mnara mtupu. Siku ile niliwachukia wote, aliyetuuzia, aliyetukataza na aliyetia saini, na hakuna hata mmoja anayejua kama nipo.

Tulirudi na simu ya mama, kisimu cha vitufe. Kila jioni mume wangu anaichaji mwenyewe, kisha anairudisha kabatini kwenye vikombe. Sikumuuliza. Yapo mambo ambayo hata mimi nayanyamazia.

Hatimaye wakubwa wale wakapatana, au wakachoka, sijui. Mitambo mipya ikafika, na Tumbili akatumwa kilimani.

Nilikuwa naosha vyombo niliposikia simu inalia kabatini. Sahani ikanitoka mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na jina ambalo mama mkwe alimhifadhi nalo mume wangu: Mwanangu.

Nikapokea. Upepo ulikuwa mwingi huko aliko.

"Mama," akasema, "unanisikia?"

Mimi na domo langu lote nilikosa la kusema. Nikaibana simu sikioni nikalia kimyakimya, na yeye hakukata. Mtandao wao mpya ni mzuri, sikatai. Nilimsikia mpaka anavyopumua.