Besi ya Eliufoo

Eliufoo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Same mjini, gari la Noah la kijivu, na sikio ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, Mungu hakuwagawia wengi. Miaka kumi na minne alikuwa akiimba besi katika kwaya ya usharika, mstari wa nyuma, macho kayafumba. Basi alipoamua kufunga muziki kwenye gari, hakutaka makelele ya vijana. Alitaka, alisema, muziki wa mtu mzima.

Alipanga kwa miezi minane. Alilichora gari kwenye daftari, akapima kwa futi ya dukani umbali kutoka kila spika hadi masikioni mwake. Fundi Isihaka wa Mwanga, aliyezoea wateja wa "weka kubwa kuliko zote," aliipokea michoro ile kama mtu aliyepewa hati ya mashtaka. Viti vya nyuma kabisa vikang'olewa, likaingia boksi la sabufa, spika kubwa ya sauti nzito. Milango ikajazwa sponji isitetemeke. Mwisho, spika ya kulia iliyo karibu na dereva ikacheleweshwa kidogo, iisubiri ya kushoto, sauti zote zimfikie pamoja.

"Ukikaa hapa," Eliufoo akawa anawaambia watu, "mwimbaji anasimama katikati ya dashibodi."

Tabu ni kwamba "hapa" palikuwa kiti cha dereva tu. Mkewe Dorkas, akikaa kushoto, alipigiwa kelele na spika moja njia nzima. Alipolalamika akaambiwa kosa si la muziki, ni la kiti. Kwa hiyo kila safari gari lilisimamishwa, kila abiria akashuka, akazunguka, akakaa kwenye usukani, akasikiliza, akasifu. Waliopanda naye kwenda kuzika Mbaga, mlimani, walikuta watu wamekwisha kunawa, wanakula.

Wimbo wa kujaribia ulikuwa mmoja: wa nne katika albamu ya kwaya yao. Aliusikiliza mpaka Dorkas akawa anauota.

Jumapili moja, baada ya ibada, alimweka kwenye kiti kile shangazi yake Asteria, mkulima wa tangawizi aliyeshuka kutoka milimani kuja kuwasalimu. Wanakwaya wakasogea. Bibi akausikiliza wimbo ule wote, mikono mapajani.

"Unawasikia, shangazi?" Eliufoo aliuliza, kainama dirishani.

"Nawasikia mwanangu, kama wamesimama mbele yangu. Yule mama wa kushoto ana mafua."

"Enhee." Eliufoo akawageukia wenzake. "Mnaona?"

"Na huku nyuma, kulia, kuna mwanamume anachelewa. Tena anaimba chini ya wenzake, kama mtu anayetafuta ngazi kwa mguu. Huyo ni nani?"

Dorkas akatazama viatu vyake. Mwalimu wa kwaya, Tumainieli, akajikohoza.

"Kule studio tuliomba wamshushe sauti," alisema taratibu. "Wakasema wameshamshusha. Tukadhani haitasikika."

Eliufoo akasema ni ule ucheleweshaji wa spika, Isihaka amekosea hesabu. Akaingia mwenyewe, akafunga vioo, akaurudia wimbo. Kwa mara ya kwanza tangu lifungwe boksi lile hakusikiliza spika. Alisikiliza watu wakiimba. Masikio yakamwaka moto. Alimjua yule mtu kwa pumzi, ile ile ya kifuani mwake, kabla hajatamka neno.

Jumatatu duka halikufunguliwa. Alikuwa kwa fundi, Mwanga.

"Nipunguzie hapa," alimwambia Isihaka, kidole kwenye kitufe cha sauti nzito cha ikwalaiza.

"Mzee, hapo hakai mtu mmoja. Ukishusha hapo unawashusha besi wote, na gitaa, na ngoma. Hiyo sabufa itabaki mzigo tu."

"Shusha."

Akashusha. Siku hizi Noah inapita Same ikitoa sauti za akina mama wanaoimba juu kwa juu, hakuna aliyewashika chini, na boksi kubwa nyuma lililonyamaza kama mgeni asiyejua lugha. Akiulizwa, Eliufoo hueleza kwamba rekodi za siku hizi zina besi nyingi mno, zinaharibu masikio. Kwaya hajaacha. Ila hamkalishi tena mtu kwenye usukani, na safari ya mlimani imerudi kuwa ya saa zake za kawaida.

Dorkas alimpelekea shangazi Asteria kilo mbili za sukari. Hakueleza ni za nini, wala bibi hakuuliza.