Mdogo Wangu Alinisindikiza Kwa Usaili, Nafasi Ikawa Yake

Admin, jina langu lifiche kabisa, hapa Kibwezi tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, kwetu ni Ikutha, kazi yangu ni kusuka nywele. Tangu utoto nimekuwa nikiigiza kwa michezo ya kanisa, na watu hulia nikiwa pale mbele. Lakini niweke mbele ya majaji, sauti inapotea. Nimejaribu Machakos, nimejaribu Nairobi, kote nimerudi nikilia.

Majuzi wakaja watu wa kutengeneza tamthilia ya runinga, wanatafuta waigizaji hapa hapa. Nikapewa skripti mapema: mama anamkatalia mumewe kuuza shamba. Safari hii nilijiandaa, jamani. Nilikariri mpaka wateja wangu wakashika mistari. Nilijifunza kupumua polepole. Mdogo wangu, tumwite Mwende, alikuwa ananisomea maneno ya mume kila jioni. Nikamwomba anisindikize, nikimwona nisiogope.

Siku ya usaili tukaingia ukumbini. Jaji mmoja mama akaniambia kwa upole, "Anza ukiwa tayari." Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikaanza upya, nikakwama palepale. Mwende akaninong'onezea mstari kutoka kwa kiti chake. Yule mama akageuka.

"Kumbe wewe unaijua? Hebu simama utusomee."

Mwende aliniangalia kwanza. Nikamwashiria kwa kichwa aendelee. Alisema yale maneno vile mimi huyasema nyumbani, hata pale ninaponyamaza kidogo kabla ya kumjibu mume. Wakampigia makofi. Mimi pia nikapiga.

Nafasi akapewa yeye. Jioni akaniambia, "Dada, ukisema nisiende, siendi. Lakini nikienda, nani atanifundisha?" Nikamwambia nitamfundisha, kisha nikaingia jikoni nikalia. Mama yetu anasema Mungu ameshaonyesha kipaji ni cha nani. Na tukifanya mazoezi sisi wawili, sauti yangu inatoka vizuri mpaka majirani wanasimama kusikiliza.

Sasa Jumamosi wanarudi kutafuta mtu wa kuigiza jirani, sehemu ndogo tu. Mwende ameniandikisha bila kuniuliza, na atakuwa amekaa pale na majaji. Nikifikiria tu ule mlango, viganja vinalowa jasho.

Wenye mmewahi kuigiza, hii hofu mliitoa aje? Niende nikajiaibishe tena mdogo wangu akiniona, ama niachane na uigizaji kabisa? Nisaidieni mawazo, mimi yangu yameisha.