Pua ya Bati kwenye Gari la Baba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo mikono hunitoka jasho. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Umoja, miaka ya tisini, nami nina miaka ishirini na miwili. Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli, akajinunulia gari kuukuu. Halikuwa la fahari. Baba alikuwa na pumu, na gari lile lilikuwa la kumkimbiza hospitali kifua kikimbana. Hilo nililijua vizuri, usije ukanitetea.

Lakini ujana ni moshi, na wangu ulinifumba macho. Vijana wa mtaa walinicheka eti gari letu linapanda mlima likikohoa. Basi nikajifanya fundi. Nikakata debe la mafuta ya kupikia, nikalikunja likawa na mdomo mpana wa kumeza upepo, nikalifunga chini kabisa, nyuma ya bampa ya mbele. Kutoka hapo nikapitisha bomba hadi kwenye injini. Lile sanduku jeusi la kuchuja hewa, lililokaa juu na shingo yake imegeuzwa nyuma, nikaling'oa. Nilisema moyoni, aliyeunda gari hili alikuwa zuzu. Upepo uko mbele, yeye kaelekeza pua nyuma!

Mzee Wekesa, fundi wa magari aliyekuwa jirani yetu, akapita, akainama kutazama.

"Kijana, ile sanduku iliwekwa huku juu kwa nini?"

"Sijui, mzee. Lakini sikiza vile gari inanguruma sasa!"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," akasema. "Irudishe."

Nikaitikia kwa adabu, nikangoja aende zake, kisha nikalipaka debe rangi nyekundu. Wiki nzima nilipita mtaani kifua mbele.

Jumamosi ikaja na mvua. Saa nane mchana mama akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. Baba alikuwa ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Tukamwingiza garini, mama akaketi naye nyuma akimpepea kwa leso. Niliendesha nikihesabu kila pumzi yake.

Barabara ya Outer Ring ilikuwa imefurika maji. Magari mengine yalipita polepole, yakatoka ng'ambo. Nami nikaingia. Maji yalifika kwenye bampa tu, mwanangu, lakini pua yangu ya bati ilikuwa papo hapo. Gari likameza maji, likapiga kishindo kimoja, likanyamaza.

"Washa!" mama akalia. "Washa, mwanangu!"

Nikawasha. Wapi! Ndani ya gari kilisikika kifua cha baba tu, kikipiga mluzi. Niliogopa kugeuka nyuma, nisije nikakuta hata mluzi wenyewe umekoma. Ewe Mungu wangu, niliogopa siku ile!

Muuza viazi mmoja alituona. Hakuuliza swali. Alimwaga viazi vyake topeni, akavuta mkokoteni hadi mlangoni. "Mlete mzee!" Tukasukuma, yeye na mimi, maji magotini, mama akishikilia karatasi ya nailoni juu ya kichwa cha baba. Jina la mtu yule sikuwahi kulijua, na hilo huniuma.

Tulimfikisha hospitali. Wauguzi wakamvisha barakoa ya hewa, nasi tukangoja ukutani hadi jioni. Baba alipoweza kuzungumza, nilipiga magoti nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Sanduku liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu, baba."

"Lirudishe mahali pake. Ukimaliza kulifunga, uje uniambie liliwekwa juu kwa nini."

Afadhali angenichapa.

Basi nisikilize, mwanangu. Kabla hujang'oa kitu ulichokikuta, kiwe cha gari, cha nyumba au cha ndoa yako, uliza kwanza kilikuwa kinazuia nini. Anayejua ukimpata, usimkubalie kwa mdomo tu kama nilivyomfanyia Mzee Wekesa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwita zuzu mtu aliyeiona mvua yako kabla haijanyesha.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa mikono hodari. Na wote watakaopanda gari lako, wafike wakiwa wanapumua.