Mgeni Kazi Yake ni Kukaa

Mimi Rahab nakuambia hivi: mwanamume akisema amesaidia kazi ya jikoni, kwanza enda ukahesabu kuku. Kaka yangu Naftaly ni mtu mzuri, na viazi vyake hapa Dundori vinasifiwa, lakini siku ile alinikasirisha mpaka leo nikikumbuka natafuta kitu cha kurusha.

Mkewe, Wamaitha, alikuwa na kuku mmoja wa madoadoa. Mbegu ya kuku hao alipewa na marehemu mama yake alipoolewa, wakazaana hapa uani miaka na miaka, mpaka ugonjwa wa kideri ukapita ukafagia wote. Akabaki huyo mmoja. Wamaitha alinunua wengine wekundu mjini Nakuru, wanono, wa kutaga tu. Hao kuatamia hawajui. Wanaangusha yai halafu wanaenda zao. Kwa hivyo yule wa madoadoa alipolalia mayai yake tisa ndani ya katoni kule jikoni, tuliambiwa tusifunge mlango kwa nguvu.

"Rahab," Wamaitha aliniambia, "hawa wakitoka salama, nitajua mama bado yuko hapa."

Basi Jumamosi moja wakaja wageni kutoka Sachangwan, Mzee Kosgei na mkewe. Kijana wao Kipruto alitaka kumwoa Abby wetu, binti wa Naftaly na Wamaitha, na ndiyo mara ya kwanza wazazi kukutana. Wamaitha alikimbia dukani kununua mchele, akaacha neno moja tu: "Baba Abby, chinja kuku."

Hakusema yupi. Nani angefikiria aseme?

Wale wekundu walipoona kisu waliingia kwenye viazi. Naftaly akawafukuza na viatu vya kanisa, akateleza, akaanguka, akaamka na matope mpaka magotini. Akaingia jikoni akihema, na hapo akakuta kuku mmoja ametulia kwenye katoni anamwangalia tu. Hakimbii wala hashtuki. Kaka yangu, ambaye mambo ya jikoni huwa hayamwingii masikioni, akaona huyo ndiye mwenye adabu.

Nilipofika kumenya viazi, nilikuta manyoya ya madoadoa kwenye karai. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Kwani kuna nini?" Naftaly akauliza. Ati kuna nini! Ngai, Mungu wangu!

Wamaitha aliporudi hakupiga kelele. Alipiga magoti, akagusa mayai, akaweka moja sikioni. Machozi yakaanza kumtoka. "Yako na joto bado," akasema. "Na wako ndani, wanalia. Walikuwa watoke leo au kesho."

Nikamwambia tuyaweke karibu na jiko. "Jiko litayapika," akasema. Akajifunga leso kifuani, akayapanga ndani moja moja, akavaa sweta juu akafunga vifungo vyote. Naftaly akafungua mdomo aseme kitu. Nilimtazama, akaufunga.

Wageni wakaingia. Sasa fikiria mama mwenye nyumba anayesalimia wakwe akiwa amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Hainami. Ilibidi mimi niwanawishe mikono. Nikaona uso wa Mama Kipruto unabadilika, na nikajua anachowaza: hawa watu wa Dundori wanatudharau. Mambo ya kabila letu na lao huku Bonde la Ufa yana historia ya damu, hata kama siku hiyo hakuna aliyeitaja.

Chakula kikaletwa. Mzee Kosgei alikuwa katikati ya hotuba, amefika kwa babu yake, ndipo sweta la Wamaitha likalia: piu!

Mzee akageuza kichwa. Piu, piu!

Wamaitha akashindwa kujizuia, akaeleza yote: mama yake, kideri, katoni, mpaka aliyekuwa ndani ya mchuzi. Naftaly alikuwa anaangalia zulia. Mama Kipruto akarudisha paja la kuku kwenye sahani polepole.

"Pole, mama. Uko na mangapi hapo?"

"Tisa."

"Na unazunguka nayo ukituhudumia? Utayavunja!" Akasukuma sahani kando, akaanza kufungua vifungo vya sweta lake. "Lete kwangu. Mgeni kazi yake ni kukaa."

Akayapokea yote tisa, akajifunga leso ile ile, akaegemea kwenye kochi. Wamaitha akapata kuinama sasa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwinamia yule mama na kumsalimia upya kwa mikono miwili. Jioni Mzee Kosgei akasema ni wakati wa kwenda. Mkewe akamwangalia hivi. "Nani aende? Huoni niko kazini?"

Walilala kwetu. Asubuhi vifaranga saba walikuwa wanakimbia kwenye katoni, na mayai mawili tu ndiyo yaliyokataa. Wamaitha alicheka huku analia, akampa Mama Kipruto wawili. Yule akawabeba kifuani mpaka Sachangwan, akawaingiza chini ya kuku wake aliyekuwa na wadogo.

Abby na Kipruto walioana. Mwaka uliofuata kideri kikarudi Dundori, na chanjo ilichelewa kutufikia. Wekundu, madoadoa, wote wakaenda. Wamaitha aliwazika nyuma ya choo, akafunga banda. "Sasa mama ameisha," akasema.

Banda lilioshwa kwa dawa, likakaa tupu miezi. Halafu siku moja, bila kutuma habari, Mama Kipruto akatokea langoni na kikapu. Kichwa cha kuku kilichomoza, kikageuka huku na huku. Alikuwa wa madoadoa.

"Nimemrudisha kwao," akasema. "Na anataka kulalia, mayai yake yako humu, hajatulia njia nzima."

Wamaitha alimkumbatia yeye na kikapu pamoja. Na kaka yangu, kwa mazoea tu ya kuona mgeni, akauliza, "Nilete kisu?"

Tulimgeukia sote watatu. Alirudi nyuma mpaka akakanyaga karai.

Kwetu mkwe hapewi chakula bila nyama. Ni aibu itakayosimuliwa mpaka Molo. Lakini siku hiyo Mama Kipruto alikula viazi na kabeji, akaomba aongezewe, kisha akasogeza kiti chake karibu na katoni alimolalia kuku, akakaa.