Udi wa Bibi na Chatu Aliyeitwa Hariri

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, ndipo nilipoiona nukta nyeusi ikitembea juu ya jicho la Hariri. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na daftari la mistari ambamo nilitia kila kilichomhusu: siku aliyokula panya, siku aliyojivua gamba, urefu wake kwa shibiri zangu. Ua wa nyumba yetu ya Mkunazini ulinuka chokaa iliyolowa, na juu ya chokaa ile ilielea harufu ya udi wa Bibi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye mbao za milango. Hariri alikuwa chatu mchanga, shibiri sita. Mjomba Hamza, mdogo wake mama, aliyefanya kazi katika mashamba ya viungo ya Kidichi, alimkuta chini ya rundo la makuti wakati wenzake wameshainua majembe. Alimtia guniani akaniletea. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Bibi, kwani wazazi wangu walikuwa Pemba kikazi. Nadhani Mjomba aliona nahitaji mwenzangu.

Bibi hakupata kumgusa. Kila alipopita karibu na sanduku lake, lililokaa chini ya ngazi na kifuniko cha wavu, alikusanya kanga yake na kusoma kimoyomoyo. "Leo anakula panya, kesho atamtaka mlezi," alikuwa akisema. Hata hivyo, ni yeye aliyenikumbusha kumbadilishia maji, na siku za baridi nilikuta sanduku limefunikwa kipande cha blanketi ambacho sikukiweka mimi.

Nukta ile ilikuwa utitiri, kama ule wa kuku. Nilipomtazama vizuri niliwaona wengine wamejibanza chini ya magamba ya kidevu, na kwenye bakuli lake la maji, ambamo alikuwa akijilaza kutwa nzima, walielea waliokufa kama pilipili manga iliyosagwa. Mjomba alikuja Jumapili, akamgeuza mkononi, akatikisa kichwa. "Mnyama hateswi, Salma. Ijumaa nikitoka msikitini nakuja. Nikimkuta bado ana wadudu, narudi naye shamba." Kisha akanipa shilingi hamsini za dawa.

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa mifugo. Aliniuliza mbuzi wangu yuko wapi. Nilipomwambia si mbuzi, ni chatu, aliweka kalamu chini. "Chatu! We mtoto wa nani we?" Lakini alipokwisha kucheka alinieleza taratibu, na mimi nikaandika. Nimwoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu, nichome gunia la zamani, nimwagie sanduku maji yanayochemka, na nisichoke, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Itachukua wiki mbili au tatu. Dawa ipo, chupa shilingi hamsini, lakini nimlete nyoka mwenyewe ampimie kiasi. "Usimpake kitu kwa kubahatisha," alisema. Hilo nalo niliandika.

Nilianza siku ile ile. Nilimwosha katika beseni la kufulia, nikimsugua kwa kidole kutoka kichwani kwenda mkiani, naye akijizungusha kwenye kifundo cha mkono wangu, mzito na baridi, akitulia kama anayejua anafanyiwa nini. Bibi aliketi kwenye kibao chake mbali kidogo, akichagua mchele. "Salma!" "Naam, Bibi." "Nduguyo kesha koga?" "Kesha, Bibi." "Basi na wewe nenda kakoge. Huyo mwenzako anakushinda kwa usafi." Niliwahesabu waliobaki: Jumatatu thelathini na watatu, Jumanne kumi na tisa, Jumatano kumi na wawili. Mvumilivu hula mbivu, na mimi mbivu ile nilikuwa nimeshaianza. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu, na wale kumi na wawili nilikuwa nikiwaona hata nikifumba macho. Kumpitisha chatu vichochoroni mpaka kwa daktari niliona haya. Nikajiambia mdudu ni mdudu. Jumatano alasiri nilikwenda Darajani nikanunua unga wa kuulia kunguni, umefungwa kwenye karatasi ya gazeti, shilingi ishirini. Nilimpaka mwili mzima. Chenji niliitia kwenye kopo la maziwa na kujiona nina akili.

Alhamisi asubuhi hakukuwa na mdudu hata mmoja. Hariri alikuwa ameinua kichwa, amekipindua nyuma, anatazama juu kama anayesikiliza kitu darini. Nilipomgeuza alibaki tumbo juu. Nilimkimbilia Bibi, nikamwambia utitiri umemlevya. Kuhusu unga sikusema neno. Bibi alimtazama muda mrefu kwenye wavu, kisha akaingia chumbani na kutoka na kijaluba chake cha udi wa Maskati, ule wa Idi na harusi, ambao mimi nilikuwa sijaruhusiwa hata kuufungua. Alivunja kipande kikubwa akakitia chetezoni. "Kinachotoa nondo kwenye nguo na husuda kwenye nyumba hakitashindwa na utitiri," alisema. Akafunika sanduku kwa kanga yake na kufukiza, huku anasoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuligusa mbele yangu. Kabla ya adhana ya Magharibi, Hariri alikuwa amekufa, mdomo wazi.

"Umemuua wewe!" nilimwambia. "Hukumpenda tangu siku ya kwanza!" Bibi alisimama na chetezo mkononi. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mimi nilitaka ubaki naye." Ijumaa Mjomba alipofika, Bibi alimpokea mlangoni. "Hamza, mkosa ni mimi. Mtoto usimseme." Nilikuwepo, na nilinyamaza. Bibi hakufukiza tena nguo nyumbani mle. Alipoulizwa na wageni alisema kifua kinambana.

Alifariki nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na thelathini na minane nilipoyasoma haya, katika kitabu cha magonjwa ya wanyama nilichokinunua kimechanika: nyoka aliyetiwa sumu ya wadudu hupindua kichwa nyuma akatazama juu, hushindwa kujigeuza, hufa mdomo wazi. Asubuhi ile ya Alhamisi, kabla kaa halijawekwa chetezoni, Hariri alikuwa ameshakufa nusu. Bibi alikuwa akisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wake nilikuwa mimi.

Sasa naishi Kiembe Samaki. Mtoto wa jirani akitaka kujua dawa ya utitiri huuliza simu, akajibiwa kabla maji hayajapata uvuguvugu. Mimi nilikuwa nimeshajibiwa, tena kwa mwandiko wangu. Chetezo cha Bibi kiko kabatini, safi, hakijaona moto tangu siku ile. Daftari liko chini yake. Ukurasa wa Jumatano umeandikwa wadudu kumi na wawili, na chini ya hapo, dawa ya kunguni ishirini. Niliokoa shilingi thelathini.