Hema la Mtu Mmoja

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya mahema ya karavani, kule Doornfontein, Johannesburg, sikugusa sindano. Nilipewa bomba la maji nikaambiwa nililoweshe hema jipya lililosimamishwa uani. Nilidhani wananifanyia mzaha wa mgeni. Nani anamwagia maji kitu kilichoshonwa ili kizuie maji? Nikawa namwaga kwa woga, kidogo kidogo, nikiikwepa mishono, hadi Fundi Mkuu akatoka na kuniuliza kama ninaogesha mtoto mchanga.

"Mwagia mishono yenyewe," akasema. "Huko ndiko kwenye matundu."

Akanieleza huku akishika ukingo wa hema kwa vidole viwili. Turubai la pamba likipigwa sindano hubaki na matundu. Ukililowesha na kuliacha likauke, nyuzi huvimba na kuyaziba. Hema ambalo halijaloweshwa nyumbani litamlowesha mwenyewe kambini. Sisi Wakongo wa pale tuliita kazi hiyo kulibatiza hema, na Fundi Mkuu, ambaye ni Mwislamu wa Tanga, naye aliiita hivyo hivyo bila kinyongo.

Ninaandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu, mnaofika Johannesburg na kuuliza cherehani inaweza kumfikisha mtu wapi. Najua sijafika umri wa kuandika kumbukumbu za kazi. Nimevuka thelathini juzi tu. Lakini kazi yenyewe imestaafu kabla yangu, na mimi nimebaki na ujuzi usio na pa kwenda. Hata aya hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ndivyo nilivyo. Mtanivumilia.

Sikufundishwa kushona na mtu. Nyumbani Uvira nilijifunza kwa kufumua: nilikuwa nachukua gauni kuukuu la kwaya, naachanisha vipande vyake vyote, kisha navirudisha hadi gauni lisimame tena. Kwa hiyo nilipofika karakana nilikuwa na mikono mizuri na tabia mbaya. Nikiona mshono umepinda kwa upana wa unywele, sikuweza kula. Nilifumua. Kwenye gauni si kitu. Kwenye turubai ni msiba, kwa sababu kila ukishona upya unaongeza matundu mapya kando ya yale ya zamani, na maji hayatazami kama mshono umenyooka.

"Neema," Fundi Mkuu aliniambia, "turubai si nguo ya bibi harusi. Shona mara moja, mwachie Mungu. Ukifumua tena nitakufumua wewe."

Baada ya kazi ya maji nilihamishiwa kwenye pete, yaani vile vijicho vya shaba vinavyogongwa pembeni ili kamba na vigingi vipite. Msimamizi wa pete alikuwa mama wa Kirundi aliyegonga nyundo kwa mdundo wa nyimbo za kanisani kwao, akanikataza kugonga nje ya mdundo. Kutoka hapo nikapelekwa kwenye zipu, kisha meza ya kukatia, na mwisho nikakabidhiwa ile mashine nzito ambayo mguu wake hutembea pamoja na kitambaa, ili tabaka la juu lisiachwe nyuma na la chini. Siku nilipokalia kiti cha mashine ile nilishindwa hata kutunga uzi. Fundi Mkuu akanitungia, akaenda zake kunywa chai.

Wateja wetu wakubwa walikuwa wazee wa mashambani. Kwenye nyanda za mahindi kusini mwa jiji, baridi ya Juni si ya mchezo. Majani huamka meupe kwa jalidi, maji ya ng'ombe huganda horini, mabomba hupasuka. Mavuno yakishaingia ghalani, mzee aliyekwisha kuwaachia watoto shamba hana kazi isipokuwa kukaa karibu na jiko na kusikiliza magoti yake. Basi wanafunga karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, nyuma ya bakkie, yaani pikapu, wanaenda kaskazini kwenye joto, karibu na chemchemi za maji moto. Hukaa huko hadi baridi ichoke. Ndani ya karavani kuna kitanda na jiko tu. Maisha yenyewe huwa nje, chini ya hema linaloshikizwa ubavuni. Ndipo palipo viti, kahawa, na majirani.

Kabla ya safari walituletea mahema yao. Yalikuja yakinuka moshi wa kuni na nyama choma ya mwaka uliopita, na ndani ya mikunjo tulikuta mchanga mwekundu wa huko walikokuwa. Niliwaonea wivu, nawaambia ukweli, na wivu wenyewe haukuwa wa karavani. Ulikuwa wa kurudi. Wale wazee waliondoka wakiujua mlango watakaoufungua tena. Mimi nilitoka Uvira kwa haraka ambayo sitaisimulia hapa, na mama yangu yuko kule bado, katika nyumba inayoliona ziwa, hataki kuhama. Asubuhi za baridi, nikitoka chumbani kwangu Bellevue nimevaa masweta mawili, nililifikiria joto la kwetu linavyopanda kutoka majini kabla jua halijatokeza, mpaka meno yakaacha kugongana. Halafu nilikwenda kazini kuwashonea watu wengine njia ya kulifuata joto lao.

Miongoni mwao kulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Tannie, kama wanavyoitwa wanawake wazima wa Kiafrikana. Ni sawa na kwetu kumwita mtu mama mkubwa. Kila mwaka alikuja na mumewe. Mume hakuongea. Tannie aliongea kwa niaba yao wote wawili, na alituletea mikate mikavu ya kuchovya kwenye chai, migumu kiasi kwamba Fundi Mkuu alisema tungeweza kuipigia vigingi. Mwaka wangu wa mwisho pale alikuja na mwanawe badala ya mume. Mume alikuwa amefariki.

Alichokitaka alikisema akiwa amesimama, kofia mkononi. Alitaka kwenda kaskazini kama kawaida. Watoto wake hawakuwa na shaka kuhusu kuendesha. Ameendesha trekta na lori la mahindi tangu usichana. Walichokiogopa ni hema. Walikuwa wamekubaliana hivi: kama Tannie ataweza kulisimamisha hema peke yake, hapa uani, mbele ya mwanawe, ataenda. Akishindwa, karavani itauzwa, naye atahamia chumba cha nyuma nyumbani kwa huyo mwanawe, hapa mjini.

"Chumba kina hita," mwanawe alisema. Alikuwa mtu mpole, wala sikuona ubaya kwake.

"Jeneza pia lina joto," Tannie akamjibu.

Fundi Mkuu alikataa. Alikataa kwa adabu, lakini alikataa. Juu ya ubavu wa karavani pana mfereji mwembamba wa alumini, na ukingo wa hema una kamba nene iliyoshonewa ndani. Kamba hiyo lazima ipite mferejini kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu mmoja anailisha, mwingine anaivuta, na kati yao turubai zito lote linaning'inia. "Hema hili ni kama msumeno mrefu," alisema. "Lina mishikio miwili."

Sijui ni nani aliyenituma kufungua mdomo. Nilisema ninaweza kulifanya la mtu mmoja.

Wote walinigeukia, na hapo hapo nikaanza kuogopa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nilifikiri juu ya lile hema kuliko nilivyofikiri juu ya maisha yangu. Tannie alikuwa na bega bovu, kwa hiyo nilijifunga mkono wa kulia mgongoni kwa kitenge na kujaribu kulisimamisha kwa mkono mmoja. Fundi Mkuu alinikuta nikihangaika hivyo uani, akauliza nimevunjika lini. Nililikata paa katikati. Nusu moja nikaiweka kando. Nusu niliyobakiza niliipunguzia uzito, nikaipaka nta ile kamba ya ukingo ili iteleze, nikaifunga utepe mrefu kwenye ncha ya mbele ili mtu aweze kulisha upande huu kisha atembee kwenda kuvuta upande ule. Sikufumua mshono hata mmoja. Usingizi nao sikuupata vizuri, lakini sikufumua.

Siku ya kukabidhi ilikuwa na desturi yake katika karakana yetu. Mwenye hema hulisimamisha mwenyewe, na fundi husimama kando, mikono nyuma. Fundi akigusa nguzo, hema linahesabiwa kuwa halijakabidhiwa, linarudi mezani. Nilisimama hivyo, vidole vikibanana nyuma yangu. Mwanawe Tannie alisimama upande wa pili, naye mikono nyuma, ingawa hakuna aliyemwambia.

Tannie alilisha kamba. Akatembea. Akavuta. Hema likakwama, nami moyo ukakwama nalo. Akarudi, akalinyoosha kwa kiganja kama anayelaza nywele za mtoto, akaenda tena kuvuta. Likapita. Akainua nguzo moja, akapumzika, akainua nyingine. Alipogonga kigingi cha mwisho uso ulikuwa mwekundu na nywele zimemwagika.

"Eish, Ma," mwanawe akasema. Akatazama chini kidogo. "Sharp, sawa. Utaenda."

Nilitaka kulia kwa furaha. Nilitaka pia kwenda kukagua ile kona ya kushoto, iliyolegea kidogo.

Tannie aliomba kiti. Akaingia nacho chini ya hema, akakaa, akatazama kulia, akatazama kushoto. Magoti yake yalikaribia kugusa turubai. Halafu akaniita niingie. Hapakuwa na nafasi ya kiti cha pili, kwa hiyo nilichuchumaa.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa naomba unirudishie ile nusu."

Sikuelewa. Nilidhani ameona kasoro. Nilianza kueleza habari ya kona ya kushoto, akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Kule kambini ukifika na karavani, hakuna anayekuuliza kama unahitaji msaada. Wanaacha kahawa zao wanakuja. Mmoja anashika, mwingine anavuta, wa tatu anasimama kukuambia unakosea. Hivyo ndivyo tulivyopata marafiki wetu wote, mimi na mzee wangu. Nikifika na hiki," akapiga turubai kwa ukucha, "watanipungia mkono kutoka kwenye viti vyao. Watasema, tazama bibi yule, anajiweza."

Alisema neno hilo la mwisho kama mtu anayetaja ugonjwa.

Niliumia. Nitakuwa mnafiki nikisema sikuumia. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na mwenyewe alikuwa ananiomba niiharibu. Nje, Tannie alimwambia mwanawe ukweli ule ule bila kuuzunguka: ameonyesha kwamba anaweza, ahadi ni ahadi, na sasa anaenda na hema kubwa.

Niliziunganisha zile nusu mbili. Hakuna namna ya kuuficha mshono kama ule. Ulipita katikati ya paa kama kovu la upasuaji. Niliushona mara moja. Fundi Mkuu alikuja akaupitisha kidole wote, polepole, akasema, "Umepinda." Kisha akasema, "Uache." Tukalibatiza hema upya.

Walipokuja kulichukua, desturi ilikuwa ile ile. Mwenyewe alisimamishe, fundi mikono nyuma. Tannie aliingiza kamba mferejini, akaanza kulisha, na turubai lote likaanza kumlemea. Hakugeuka. Alisema tu, "Basi, utavuta au utatazama?"

Nilijua hasemi nami. Mwanawe alivua koti, akaliweka juu ya boneti, akaenda upande wa pili. Alivuta vibaya. Alivuta haraka mno, mama akamkaripia; akavuta taratibu mno, mama akamkaripia tena. Mama akamwuliza kama baba yake alikuwa akivuta hivyo. Mwana akajibu kwamba baba alimfukuzaga kila alipotaka kusaidia. Tannie akacheka, kamba ikamtoka mkononi, wakaanza upya.

Mimi nilisimama, vidole vyangu vimeshikana nyuma. Ilikuwa kanuni, na nilipenda kanuni. Lakini kwa dakika zile ningeitoa mashine yangu, na kila mshono nilionyoosha maishani, ili mama yangu awe upande ule wa turubai akinikaripia kwamba navuta vibaya.

Waliondoka wakielekea kaskazini, mwanawe akiendesha gari lake nyuma ya karavani hadi nje ya mji. Niliwatazama mpaka robot, ile taa ya kuongozea magari, ikawameza. Tannie hakurudi kwetu baada ya hapo, kwa sababu karakana haikuwepo tena. Watu siku hizi wananunua mahema mepesi ya kiwandani yanayojifungua kama mwavuli, yakichanika wanatupa. Mwenye karakana aliuza mashine, Fundi Mkuu akarudi Tanga kwa wajukuu, nami nikakodi kibanda kidogo mtaa wa Kensington, hapa hapa Johannesburg. Ninashona sare za shule na magauni ya kwaya.

Mkiniuliza kazi ile ilinifundisha nini, ningependa kuwapa jibu lililonyooka, ila sina. Bado nafumua. Bado naamka nikifikiria kona ya kushoto. Mama bado yuko Uvira, na mimi niko hapa. Ila jambo moja limebadilika. Nikiwa na kitambaa kirefu cha kukata, mita nyingi za magauni ya kwaya, siweki tena mawe kwenye ncha zake. Kibanda cha pili kuna msusi, dada wa Bujumbura, ana wateja wake na maneno mengi. Namwita aje ashike upande ule. Anakuja akilalamika, kitana kimechomekwa nyweleni, ananiambia ninakosea.

Ninaweza kukata peke yangu. Namwita.