Mtoto Mmoja kwa Nyumba Nne

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Mugango, mihogo yetu ilibaki shambani kule tulikotoka. Mwaka ule tulikuwaga tunakunywa uji mwepesi asubuhi na jioni. Binti yangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya, na mbavu zake zilionekana zote.

Akaja bwana afya kutoka Musoma na mzani wa kuning'iniza. Alitueleza kazi yake bila maringo. Ofisini walishikilia kwamba watoto wetu wana uzito sawa na watoto wengine wa mkoa. Yeye alidhani wamepungua. Kuwapima wote hawezi, kwa hiyo atapiga kura ya nyumba chache, apime, ajumlishe, agawanye. Wastani ukiwa chini sana, kiasi kwamba huwezi kusema ni bahati mbaya ya kura tu, tutaletewa maziwa ya unga. Usipokuwa chini, basi.

Nyumba yangu ikatoka kwenye kura.

Sasa, kwetu mtoto anayenyonya akikonda, watu hawasemi njaa. Wanasema amebemendwa: mama au baba ametoka nje ya ndoa, ndiyo mtoto ananyauka. Mama mkwe akaniambia mtoto huyo asitolewe, asije akaivua nguo nyumba yake mbele ya wageni. Nikaenda kwa mke wa shemeji yangu kumwazima wa kwake, mnene kama boga. Akacheka.

"Shika zamu, dada. Huyu ameshachukuliwa na nyumba tatu."

Tulimpitisha kwa nyuma, katikati ya mashamba ya pamba, tukambadilisha shati kila nyumba. Bwana afya hakugundua. Alikuwa anasoma mzani, si sura. Zamu yangu ilipofika nilimtundika mwenyewe, nikamtaja kwa jina la binti yangu. Binti yangu alikuwa chumba cha ndani, hana hata nguvu ya kulia.

Hesabu ilipokwisha akamwambia mwenyekiti wa kijiji mbele yetu wote: "Nilikosea. Kwa namba hizi siwezi kusema wamepungua." Mwenyekiti akapiga makofi. Na sisi tukapiga.

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikaenda Musoma, ofisini kwake pale Iringo, nikamwambia yote.

"Mama, karatasi imeshakwenda. Lakini sikuandika kwamba wana afya. Niliandika kwamba sikuona upungufu."

Nikamwuliza kama hilo neno linapikwa.

Maziwa yalipelekwa kijiji kimoja upande wa Bunda, ambako akina mama waliwatoa watoto wao kama walivyo.

Binti yangu tulimzika kabla ya mavuno. Pale kaburini mama mkwe alitaka kunifariji, akaninong'oneza: "Afadhali wale wageni hawakumwona."

Aliyemficha ni mimi.